Neno la Babu Nililokataa Kukuletea

Mama,

Ni mimi. Mwandiko bado ni uleule wa kuku aliyekanyaga wino, na anayeandika ni yuleyule Ambwene, mwanao mwenye maneno mengi kuliko vyeti, niliyeishia kidato cha pili halafu nikawatangazia watu kwamba shule ndiyo iliyonikimbia.

Babu ana neno anataka nikuletee. Tangu nirudi hapa kijijini Ikuti, kila asubuhi ananiita akiwa kwenye kigoda chake. "Nenda kwa mama yako, kamwambie." Na kila asubuhi namjibu siendi. Mimi huyu, niliyekuwa mdomo wenu wawili tangu nina meno ya utoto, nakataa kubeba sentensi moja ya mzee kutoka barazani kwake mpaka kwenye kaburi lako. Wanaukoo wameshaniita mtoto mbaya. Waniite. Kwanza nakuandikia ya kwangu, na yeyote atakayeisoma barua hii aisome tu, maana kila mtu huku ameshasema lake juu ya kifo chako isipokuwa mimi.

Kwa wasiotujua, niwaeleze jinsi tulivyoishi. Kwetu mke wa mwana hamwoni baba mkwe wake. Hamsemeshi, hali naye, hapiti njia moja naye. Siku hizi mabinti wa mjini Tukuyu wanapanda hata gari moja na wakwe zao kwenda Mbeya, wanacheka, wanakula mahindi ya kuchoma. Wewe hapana. Wewe ulikuwa wa mtindo wa zamani, na Babu vilevile, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama mmechoka.

Unakumbuka siku ile tunatoka kuchuma chai? Ulikuwa na kikapu mgongoni kimejaa, mimi nyuma yako napiga mluzi. Mara Babu akachomoza kwenye kona na fimbo yake. Mama, ulizama kwenye mashina ya chai kama kware! Kikapu, kanga, miguu, vyote vikapotea. Majani ya watu yakatapakaa. Nikaanza kucheka. Sauti yako ikatoka kichakani: "Nyamaza, gwe, wewe mtoto! Mkwe anapita." Babu naye amegeuza uso upande wa mlima, anatembea kama mtu anayehesabu mawingu, mpaka akatupita. Ndipo ukatoka, majani kichwani, ukaanza kuokota chai ya tajiri mojamoja. Nilikuambia unafanana na kichaka kilichojaliwa miguu. Ulinikosakosa na kofi.

Baba alipofariki zilibaki nyumba mbili tu ndani ya migomba ile, yako na ya Babu, na katikati yenu ukuta wa matete. Bibi naye alikuwa ameshatangulia. Kwa hiyo mpishi wa Babu ukawa wewe, na mdomo nikawa mimi.

"Ambwene, mwambie babu yako chakula tayari."

Babu yuko nyuma ya matete, amesikia kila neno. Lakini anangoja.

"Babu, chakula tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Muulize kama ataka maziwa."

"Babu, unataka maziwa?"

"Ya mgando?"

"Mama, anauliza ya mgando?"

"Mwambie ndiyo, ya mgando. Yapo mengine hapa?"

Siku nyingine uchovu ulinizidi nikayageuza maneno. Nilimwambia, "Babu, Mama anasema jana ulikoroma mpaka mbuzi wakakata kamba." Nikajua nimekufa. Halafu nyuma ya matete kikatoka kicheko cha mzee, kikavu, kinachokwama kwama kama mashine ya kusaga inayogoma kuwaka. Na wewe ndani ukawa umeziba mdomo kwa kanga, mabega yanaruka. Mlicheka pamoja siku ile, kila mtu upande wake. Sidhani kama mliwahi kuwa karibu zaidi ya hapo.

Kisha nikakua, na ndevu tatu zikaota, nikaona Ikuti ndogo. Ilikuwa miaka ile kila kitu kimeruhusiwa. Jana duka la ushirika lina chumvi na viberiti tu, leo Msasani yetu ya Tukuyu yote imejaa suruali za mitumba zilizovaliwa na wazungu waliokufa, kama tulivyodhani. Kila kijana alikuwa mfanyabiashara. Na mimi nikawa mfanyabiashara. Nikaenda Dar es Salaam kuchukua mzigo wa nguo, na mzigo haukurudi, na mimi sikurudi. Siku ya kuondoka ulinisindikiza mpaka barabarani. Uliniambia, "Ukienda, nani atasema na babu yako?" Nikakujibu, "Tumaini si yupo? Mdogo wangu ana mdomo mkubwa kuliko wangu." Ukasema, "Tumaini anasoma." Nikasema, "Basi msemeshane kwa filimbi." Ulicheka. Nilikuwa hodari wa kukuchekesha pale ulipotaka nikujibu kweli.

Dar nilibangaiza, sikufichi. Niliosha vyombo kwenye klabu ya wenye mashua kule ufukweni, na hapo ndipo aliponiona Mzee Piti. Huyu alikuwa Mholanzi mwenye ndevu nyeupe, aliyechimba visima mikoani miaka mingi mpaka Kiswahili chake kikawa safi kuliko cha kwangu. Alikuwa na yoti. Usiulize yoti ni nini, ninakuambia: ni mashua ya matanga isiyovua samaki na isiyobeba mzigo. Inabeba watu ambao hawana pa kwenda, na wanakwenda. Alikuwa anatafuta mpishi na mtu wa kuvuta kamba. Akaniuliza, "Unajua kuogelea?" Nikamwambia nimezaliwa mtoni Kiwira. Jambo hilo halikuwa kweli, na hata ningezaliwa humo, Kiwira haiogeleki, inakubeba tu na kukupigiza mawe.

Basi mwanao akawa baharia. Ungeniona! Kaptula nyeupe, miguu pekupeku, nimeshika usukani, nyuma yangu bahari yote. Wiki ya kwanza nilitapika mpaka nikatapika maziwa uliyoninyonyesha. Wiki ya pili nikawa nawacheka wengine.

Maisha ya mle ndani nikuhadithie, maana hukuwahi kuniuliza, hukupata nafasi. Asubuhi unaokota samaki warukao waliojitupa sitahani usiku, hao ndio kitoweo. Jiko linaning'inia kwenye vyuma ili chombo kikilala upande sufuria isimwagike, kwa hiyo unapika huku jiko linakupungia kama mtu anayeaga. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya chumvi, halafu vinasuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji baridi, na kikombe hicho Mzee Piti anakiangalia kama anavyoangalia dira. Mimi mtoto wa Rungwe, ambako mvua ikikosa siku mbili watu wanaulizana kulikoni, nikanawa uso kwa mate. Kwetu maji yanatoka juu. Kule yanatoka chini, pembeni, na ndani ya godoro. Nilikuwa nalala mbele kabisa, kwenye pembe ya chombo, pamoja na matanga yaliyolowa na gunia la vitunguu. Chumvi ilinichubua makalio nikawa nakaa upande upande kama bibi harusi mwenye aibu. Choo unakipampu kwa mkono, na ukikosea kufunga kifuniko cha bomba, ulichokituma kinakurudia.

Na kazi haikuwa ngumu kama ukimya. Zamu ya usukani unakaa peke yako saa na saa. Unaangalia maji. Hakuna mti, hakuna kilima cha kukuambia umesogea. Nilizoea kukuweka mahali: saa hii Mama anamenya ndizi. Saa hii ametoka kisimani. Saa hii amekaa mlangoni ananyoosha miguu. Mama, nilikuwa nakuweka mahali hata baada ya wewe kuwa huko ulipo. Hilo nitalifikia.

Tulikuwa wanne. Mzee Piti, mwanawe Yani, mimi, na Ana, mke wa Yani. Umeona tatizo? Mkwe na mkamwana, chombo kimoja, chumba kimoja cha chini, urefu wake haufiki hata nusu ya zizi la ng'ombe wa Babu. Siku ya kwanza Ana alipanda sitahani amevaa vitambaa viwili vidogo vya kuogelea, akakaa karibu na mzee, akamwomba ampake mafuta mgongoni. Niliinamia vitunguu vyangu mpaka machozi yakanitoka, na siyo kwa sababu ya vitunguu.

Usinicheke. Nilijua ni wazungu, nina macho. Lakini mwili hausikii hoja. Kila mara mzee alipoanza kushuka ngazi na Ana yuko chini, mkono wangu ulichukua kijiko ukagonga sufuria, ko ko ko, ili mtu apishe. Ana akisikia anadhani chakula kimeiva, anakimbilia ngazini, wanagongana paji kwa paji. Mara tatu! Mwishowe nikachukua shuka langu, nikalifunga katikati ya chumba kutoka ukuta mpaka ukuta. Nikajisifu. Nikajiona nimewajengea matete.

Mzee akashuka, akalitazama. "Ambwene, hii ni nini?"

"Heshima, Mzee."

"Inazuia hewa."

"Heshima huwa inazuia hewa kidogo, Mzee."

Ana akaomba aelezwe. Nikamweleza habari zako, kichaka cha chai, maziwa ya mgando, yote, na mzee anatafsiri. Walicheka, na mimi nikacheka, nikawachezea hata sauti ya Babu. Kisha Ana akaacha kucheka, akauliza kitu. Mzee akatafsiri taratibu: "Anauliza, kama hakuna mtoto nyumbani, wanafanyaje?"

Nikamjibu mbio, kama ninavyojibu siku zote. "Mtoto yupo siku zote."

Nililala na jibu hilo bila shida, Mama. Lilikuwa jibu zuri.

Tulikaa pwani za Madagaska miezi, kisiwa baada ya kisiwa, mahali pengine hata posta hakuna. Huko Ana akashikwa na homa. Homa ile ile yetu, ya mbu. Yani alibaki juu na usukani kwa sababu upepo ulikuwa mbaya, na mzee akashuka kwa mkwewe. Akamlaza. Akamvua fulana iliyolowa jasho akamvalisha nyingine. Akawa anamlisha uji kwa kijiko, anampangusa shingo, na alipotapika akamshikia ndoo huku mkono mwingine unashika nywele zake zisichafuke.

Mimi nilisimama jikoni, hatua mbili tu, sijui niangalie wapi. Nikasema, "Mzee, niachie mimi. Nitamwangalia. Wewe panda juu."

"Kwa nini nipande?"

"Ni mkamwana wako."

Alinitazama kana kwamba nimesema kitu kwa lugha asiyoijua. "Ndiyo maana niko hapa," akasema. "Leta maji. Usipime, jaza."

Nikaleta. Lakini moyoni nilimtemea mate. Nilisema hawa hawana haya, mzee mzima na mvi zake. Nilisema nikifika nyumbani nitamhadithia Mama na atafunika uso. Ana akapona. Siku chache baadaye alikuwa juu tena, amekonda, anakula embe, anamchokoza mzee kwa ndevu zake.

Tulipogeuka kurudi tukatia nanga Moroni, Ngazija. Pale kuna posta yenye simu. Nilikuwa na namba ya duka la Mzee Salehe, yule muuza nguo wa Msasani ambaye simu yake ndiyo simu ya Ikuti nzima. Nilijipanga jinsi ya kujigamba. Nilitaka akufikishie salamu kwamba mwanao amezoea bahari, amekula kaa mkubwa kama kiti, ataleta kanga za Kingazija.

"Salehe, ni Ambwene! Niko Komoro!"

Akashusha sauti.

"Ambwene, mwanangu, kaa chini."

"Niko kwenye kibanda cha simu, Mzee, hakuna kiti."

"Basi egemea."

Nikaegemea. Akaniambia. Akasema wameshakuzika. Ulifariki katikati ya mvua za masika, na sasa zimekwisha. Nikahesabu kwa mawimbi siyo kwa siku: ndiyo wakati ule tulipokuwa kwenye visiwa vile. Nilikuwa naoga, Mama. Nilikuwa nakula samaki. Nilikuwa nakuweka mlangoni unanyoosha miguu.

Mzee Piti alinitafutia nafasi kwenye meli ya mizigo mpaka Dar. Ana alinikumbatia bandarini, na kwa mara ya kwanza sikugeuza uso. Safari ya Dar mpaka Tukuyu sina la kusema juu yake. Nilipofika kwenye kona ya migomba nikaanza kulia kwa sauti kama inavyotakiwa, na wanawake wakatoka majumbani wakanipokea kwa vilio. Tumaini alikuwa amekonda mpaka macho yake yamekuwa mapana. Kaburi lako liko upande wa mashina ya ndizi za kupika, na majani ya maboga yameshalitambalia. Hata huko umepanda chakula.

Tumaini ndiye aliyenieleza. Ulikuwa na homa siku kadhaa, ukameza vidonge vya dukani, ukaendelea kulima. Siku hiyo ilikuwa ya soko, ukamwambia Tumaini apeleke ndizi mjini, wewe utalala kidogo. Mvua ikapiga kutwa. Jioni aliporudi alikuta kuni zilizopasuliwa vizuri zimepangwa mlangoni mwako, na ndani wewe umeshakuwa wa baridi. Zahanati wakasema malaria ilipanda kichwani.

Kuni ziliwekwa na nani? Hapo ndipo nilipokwenda kwa Babu. Sikusalimia. Naye hakuficha. Alisema huku anaangalia miguu yake.

"Nilisikia mguno. Mvua ilikuwa kubwa lakini niliusikia. Nikaja mpaka ukutani kwake. Nikauliza, kuna mtoto humo? Kimya. Nikakohoa. Kimya. Nikangoja."

"Halafu?"

"Halafu nikasema moyoni, yupo sawa, ametulia kwa kuwa nimesimama hapa. Mama yako hakuwahi kunijibu hata mara moja tangu aolewe. Ningejuaje kwamba safari hii..." Akaishia hapo. "Nikaona nimemwaibisha. Nikampasulia kuni, nikaziweka mlangoni, nikaondoka."

"Ungeingia, Babu."

"Ningeingiaje, gwe?"

Mama, nilimtukana. Mimi, mjukuu, nilimtukana mzee wa watu matusi ya bandarini, mengine hata hayajui. Nilimwambia nimemwona mzee mwenye mvi kama zake akimshikia mkamwana wake ndoo. Nilimwambia mwanamke yule anakula embe sasa hivi. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, na sikujua anakataa au anakubali.

Lakini siyo Babu anayeninyima usingizi. Ni swali. Kama homa ilikuwa imekuzidi hukumsikia, basi. Ugonjwa ni ugonjwa. Lakini Tumaini anasema alikukuta umejifunika kanga usoni. Jirani zetu wanasema mgonjwa wa homa hujifunika, anasikia baridi. Labda. Ila mimi nakujua. Nimekuona ukijifunika hivyo maisha yangu yote, kila alipokohoa nyuma ya ukuta. Kama ulimsikia, Mama, na msaada ulikuwa umesimama nje unanyeshewa na mvua, na ukavuta kanga ukanyamaza, basi umekufa kwa adabu. Na mimi niliyekuwa mdomo wako nilikuwa nimefunga shuka kwenye mashua ya watu ili kuwafundisha adabu hiyohiyo.

Tangu siku ile Babu anazunguka. Kutoka kwake kwenda barabarani njia inapita karibu na kaburi lako, lakini yeye anashukia kijitoni, anapanda tena kwenye utelezi, na magoti yale. Bado anakukwepa. Anakula vijiko viwili anaacha. Na kila asubuhi ni lile lile, "Nenda kwa mama yako, kamwambie nilidhani ni heshima." Na mimi, "Siendi." Tumaini ananiambia nitamwua. Nikamwambia kwetu hatuuani, tunanyamaziana tu.

Leo asubuhi kulikuwa na manyunyu. Akaniita. Akaanza.

Nikamkatiza. "Babu, miguu unayo."

"Siwezi kumsogelea."

"Kaburi halina mlango, Babu. Huwezi kuniambia umeshindwa kuingia."

Alinitazama kana kwamba nimempiga. Nilitaka kujisifu kwa jibu hilo, lilikuwa jibu zuri kama mengine yangu. Lakini alinyanyuka. Akavua kofia, akaiweka kwenye kigoda, akachukua fimbo, akaenda moja kwa moja, siyo kwa kijitoni. Nikamfuata nyuma kwa sababu ya utelezi. Sikuwa na sababu nyingine, usije ukadhani.

Alifika akasimama ubavuni. Kwanza aligeuza uso kuelekea mlima, kama siku zote. Kisha akaurudisha. Akasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ndogo ya mtu anayezungumza na mgeni, "Mkamwana, ni mimi." Nilidhani atatoa lile neno lake alilolitengeneza wiki zote hizi. Hakulitoa. Alisema ndizi zako zilikuwa na chumvi ya kutosha. Alisema maziwa ya mgando hakuna aliyeyajua kama wewe, hata marehemu mkewe. Alisema siku ile ya mbuzi kukata kamba alicheka mpaka akajikojolea kidogo, na hakuwahi kumwambia mtu. Alizungumza, Mama! Miaka yote ile, kumbe alikuwa na vitu vya kukuambia.

Halafu akauliza, "Siku ile ulinisikia?"

Akangoja. Manyunyu yanamwangukia kwenye kipara. Alingoja vile alivyokuwa akingoja nyuma ya matete wakati wa chakula, kichwa kimeinama upande, bila haraka, kama mtu anayejua jibu lazima lipite kwa mtu mwingine kwanza. Kisha akanigeukia.

"Anasemaje?"

Nilikuwa na majibu mengi, unanijua. Nilikuwa na lile la ndoo. Nilikuwa na lile la kanga, ambalo Babu hajaambiwa na mtu yeyote. Tumaini aliniambia mimi peke yangu. Ningelitoa pale, angekufa pale pale.

"Anasema hakukusikia, Babu," nikamwambia. "Anasema alikuwa amelala kabla hujafika."

Aliinua kichwa kidogo. "Alikuwa amelala."

"Amelala fofofo. Anasema kuni ameziona."

Fimbo ikamponyoka, nikamshika kwapani kabla hajaanguka. Ni mwepesi, Mama, hata gunia la vitunguu lilikuwa zito kumshinda. Nilimkokota mpaka kwake, nikamkalisha, na Tumaini akaleta ndizi, Babu akala karibu sahani nzima. Mimi nikatoka nje nikatapika nyuma ya nyumba, kavukavu, kama wiki ile ya kwanza baharini.

Sijamsamehe. Nisikudanganye na wewe pia kwa siku moja. Ila nimekusemea jambo ambalo hukulisema, na sasa linakaa kwake kana kwamba ni lako, na atakufa nalo. Kama siyo kweli, Mama, basi nyamaza. Wewe unajua kunyamaza.

Lala salama huko kwenye maboga yako.

Mwanao, mdomo wako,
Ambwene